Mtu wa Mtungi

Anayetaka kupita ufukweni Jambiani kwa baiskeli hungoja maji yapwe. Huko juu, karibu na minazi, mchanga ni mkavu na magurudumu huzama. Utakanyaga pedali mpaka mapaja yawake moto. Shuka kwenye mchanga ulioachwa na maji sasa hivi: pamekaza kama sakafu, baiskeli inakwenda yenyewe.

Siri hiyo Wamisri walikuwa nayo zamani sana. Huko Deir el-Bersha, katika kaburi la Djehutihotep, mtawala wa jimbo aliyeishi yapata miaka 3,900 iliyopita, ilichorwa sanamu yake kubwa ikisafirishwa. Inakadiriwa kuwa na uzito wa tani 58. Imefungwa kamba juu ya kitako cha mbao kisicho na magurudumu, na wanaume 172 katika safu nne wanaiburuza. Mimi huwaacha wote hao nikamtazama mmoja: amesimama miguuni pa sanamu, kainamisha mtungi, anamwaga maji njiani.

Wapo waliodhani ni tambiko. Mwaka 2014, Daniel Bonn na wanafizikia wenzake wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliburuza kitako kidogo juu ya mchanga maabarani. Mchanga mkavu ulijirundika mbele kama kichuguu, ukazuia njia. Walipoulowesha kidogo, kichuguu hakikutokea, na nguvu ya kuvuta ikapungua kwa karibu nusu. Walipozidisha maji, msuguano ukapanda tena.

Jaribu mwenyewe. Finyanga mchanga mkavu: unapukutika vidoleni. Unyunyizie maji, mtoto atajengea nyumba, kwa sababu vitone vinavyonasa kati ya punje huzivuta zishikamane. Mimina ndoo nzima: maji hujaza kila upenyo, mvuto ule hupotea, na nyumba inageuka uji.

Kwa hiyo kazi ya yule mtu ilitaka jicho. Akibana mkono, kichuguu kinaota. Akimwaga ovyo, njia inakuwa tope, na wenye kamba ndio wanaoumia. Pasipo maji yake, huenda wangehitajika wavutaji mara mbili. Naye hakuweza kupumzika, maana kila hatua ilileta mchanga mwingine mkavu. Mchoraji hakulisahau hilo: pembeni mwa sanamu amewaweka watu wenye mizega mabegani, wanaleta maji mengine.