Feni ya umeme kwenye Land Rover ya zamani: kabla hujamwita fundi

Land Rover Series III, lile la 1971 hadi 1985 ambalo bado unaliona likibeba magunia, lina tabia inayowachanganya wengi. Barabara kuu linatembea saa nzima bila shida. Likiingia foleni ya Ubungo jioni, mshale wa joto unaanza kupanda. Sasa pale injini haifanyi kazi yoyote ya maana, kwa nini lichemshe?

Angalia feni yake. Imefungwa kwa nati mbele ya pampu ya maji na inazungushwa na mkanda wa injini, basi. Injini ikienda polepole, nayo inaenda polepole. Kwenye foleni hakuna upepo unaoingia kwa mbele, kwa hiyo feni ndiyo tegemeo pekee la rejeta, na hapo ndipo inapozunguka kivivu. Ukishapita Chalinze unakimbia kilomita 80 kwa saa, upepo unatosha kabisa, halafu feni ndiyo kwanza inavuma kwa nguvu zote!

Na haivumi bure. Nguvu inayohitajika kuzungusha feni hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Kasi ikiongezeka mara 5, nguvu inaongezeka mara 125. Yaani feni iliyokuwa inakula wati 10 injini ikiwa kwenye mizunguko 700 kwa dakika, kwenye mizunguko 3,500 inadai wati 1,250. Hayo ni mafuta yako, yanachomwa ili kupuliza hewa ambayo ingekuja yenyewe.

Feni ya umeme haitegemei kasi ya injini. Swichi ya joto inaiwasha maji yakifika, tuseme, nyuzi 92 za Selsiasi na kuizima yakishuka hadi 87. Namba hizi lazima ziwe juu ya ile ya thamostati. Kama thamostati yako inafunguka kwenye 82 na swichi inazima feni kwenye 80, feni haitapumzika, maana thamostati yenyewe inajitahidi maji yasishuke chini ya 82.

Mpaka hapo ni habari njema. Ila nguvu ile bado inatoka kwenye injini, safari hii kwa kupitia altaneta, na hapa ndipo kazi nyingi za gereji zinapoharibika. Magari mengi ya aina hii yalikuja na altaneta ya Lucas 16ACR, ambayo hutoa ampea 34 ikizunguka vizuri. Hebu tupige hesabu ya usiku wa mvua: feni kubwa ampea 15, taa kubwa mbili za wati 55 na taa ndogo kama ampea 11, koili ya plagi na waipa ampea 6 au 7. Tayari tuko 32 au 33. Tatizo ni kwamba kwenye foleni altaneta nayo inazunguka taratibu, haifiki 34. Pengo linajazwa na betri, na betri haisemi kitu mpaka asubuhi gari linapogoma kuwaka.

Halafu kuna waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita 4 kwenda na kurudi, ukipitisha ampea 15 unapoteza karibu volti 0.7 na kutoa joto la wati 10 hivi ndani ya plastiki yake. Tumia wa milimita za mraba 4. Upotevu unashuka hadi karibu volti 0.26. Weka rilei, ili swichi ya joto ipitishe umeme mdogo tu, na fyuzi iwe karibu na betri, siyo mwisho wa waya. Mtu akikwambia aunge dairekti bila fyuzi kwa sababu "inapoza vizuri zaidi", kataa. Waya ukichunika na kugusa bodi, hakuna kitu cha kukata umeme kabla haujashika moto.

Binafsi, gari la mjini ningelibadilisha. Linalopanda Kitonga na mzigo, nisingegusa feni ya mkanda. Pale unakwenda polepole kwa gia ndogo huku injini ikizunguka kwa kasi. Joto liko juu kabisa, na feni ya zamani inavuma pamoja na injini. Feni ya umeme ina kikomo chake, hata ukanyage mafuta vipi. Na kama rejeta imeziba kutu, hakuna feni itakayokusaidia, ioshe kwanza.

Ukishafunga, fanya jaribio moja. Acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta, washa feni, taa kubwa na waipa, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri. Zikisimama juu ya 13.5, altaneta inamudu. Zikishuka hadi 12.5 na kuendelea kushuka, tafuta altaneta kubwa zaidi kabla ya kuingia foleni usiku.