Uhuru Park na Haki ya Kusikizwa Bungeni

Novemba 1989, wabunge wa Kenya walimjadili mwanamazingira Wangari Maathai bila yeye kupata nafasi ya kuwajibu. Kosa lake lilikuwa kupinga jumba la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, bustani ambako wakazi wa Nairobi huenda kupunga upepo. Wabunge walimkejeli, na wenzake wa vuguvugu lake la kupanda miti, Green Belt Movement, wakaitwa kundi la wanawake walioachika. Silaha yake ilikuwa barua kwa maofisa wa serikali na mashirika ya nje. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi ilitupwa Desemba mwaka huohuo: hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya umma. Mradi ulikuja kuachwa baada ya wafadhili kurudi nyuma.

Katiba ya 2010 ilifungua milango yote miwili, wa mahakama na wa Bunge. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kutetea mazingira mahakamani hata kama yeye mwenyewe hajapata hasara. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge na kamati zake kushirikisha umma, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni.

Haki hii ya kusikizwa hupotea mara nyingi kwa sababu watu hungoja mswada. Lakini si kila jambo huja kwa mswada: kwa mfano, ada za kuingia mbugani huwekwa kwa kanuni za waziri. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia kanuni za aina hiyo inataka wanaoguswa washauriwe kwanza. Kisha kanuni zifikishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa, na Bunge linaweza kuzifuta. Mwenye kampuni ndogo ya safari anayeshtuka siku ada mpya inapoanza kutozwa huenda amekwisha kupitwa na nafasi mbili za kusema.

Na anaposema, aseme nini? Kamati huupitia mswada kifungu kwa kifungu, kwa hiyo kilio kwamba utalii utakufa hakina pa kushika. Nahodha wa kisiwa cha Wasini anayepeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite anajua jambo ambalo pengine hakuna mbunge anayelijua: safari huuzwa miezi kadhaa kabla, kwa bei iliyokwisha kukubaliwa, na ada ikipanda katikati humla yeye. Akitaja kifungu, akaonyesha hesabu ya safari moja, kisha akapendekeza kwa maneno kamili kwamba ada mpya isiwahusu waliolipia mapema, kamati inayo sentensi ya kuijadili.

Miswada huandikwa zaidi kwa Kiingereza, jambo linalowatisha wengi wasifike kabisa. Hilo ni hasara kwa nchi, na si lazima liwe hivyo, kwa kuwa Kifungu cha 120 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Nahodha huyo anaweza kuhutubia kamati kwa lugha anayoitumia baharini.