Kuondoa Takataka Bwawani Pasipo Kumwaga Maji

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo hawana haja ya kufundishwa thamani ya maji. Masika yakiisha huja kiangazi, tangu Juni hata Septemba. Chemchemi hupungua nguvu, na mwenye bwawa la samaki huyatazama maji yake yakishuka siku kwa siku. Ni wakati huo huo takataka huonekana: majani ya mikaratusi na ya migomba yaliyopeperushwa na upepo, vijiti, magugu yaliyokufa, na chini yake tope jeusi linalonuka mfano wa yai bovu. Ndipo jirani humshauri, “Fungua maji yote, ulisafishe mara moja.” Sisi twasema asifungue.

Akifungua, samaki wake watakaa katika madebe na mapipa, na wengi watakufa kabla ya jua kuchwa. Na maji yaliyokwenda zake mwezi wa Julai hayatarudi mpaka mvua za vuli. Kumwaga maji kuna wakati wake, nao ni siku ya kuvua samaki wote. Ufugaji huu si jambo geni katika nchi yetu, maana perege walianza kufugwa kwa majaribio huko Korogwe na Malya mwaka 1949, na tangu hapo wafugaji wamejifunza kwamba bwawa laweza kusafishwa likiwa limejaa maji. Lakini yataka subira, na yataka kujua jambo moja kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Majani yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha huitumia hewa hiyo hiyo. Tope jeusi la chini halina hewa kabisa, tena limeshika hewa mbaya yenye sumu. Ndiyo ile harufu ya yai bovu. Tope likitulia, madhara yake ni kidogo. Likivurugwa lote kwa mara moja, sumu hupanda na hewa njema huisha. Kwa hiyo wale vijana kumi wanaoingia bwawani na majembe, wakakoroga maji hata yakawa kama uji, wanaweza kuwaua samaki wengi kuliko takataka zenyewe. Kambare atavumilia, kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu. Perege na sato hawawezi hivyo.

Basi kazi ifanywe kwa sehemu. Siku ya kwanza, ondoa vinavyoelea tu. Watu wawili washike kamba ndefu, mmoja ng’ambo hii na mwenziwe ng’ambo ile, waivute polepole juu ya maji hata majani yakusanyike pembeni. Kisha yachotwe kwa tenga au kwa wavu uliofungwa kwenye mti mrefu. Baada ya siku chache, tumia reki ya meno ya mti kwa majani yaliyozama, theluthi moja ya bwawa tu, kisha pumzika juma moja. Ukiona chini mashimo ya mviringo mfano wa sahani, yapitie mbali: hayo ni viota vya samaki. Jike la sato hulea mayai kinywani mwake, naye akishtuliwa sana huyatema.

Saa ya kazi nayo ina maana. Alfajiri ndipo hewa ya majini ilipo chache kuliko wakati wowote, kwa sababu mimea midogo ya kijani hutoa hewa njema mchana, jua likiwaka, na usiku huitumia. Anza kazi saa tatu au saa nne ya asubuhi. Wala usiwape samaki chakula siku hiyo, maana mabaki yake huongeza uozo.

Sasa tope. Si lazima liondolewe lote, kwani kiasi kidogo hulisha vijidudu ambavyo samaki huvila. Lakini likizidi shubiri moja, lipunguzwe. Hapa watu wa Ngara wamebahatika kwa vilima vyao. Tafuta mpira wa maji mnene, uuzamishe wote bwawani hata mapovu yaache kutoka. Ziba ncha moja kwa kiganja, uichukue mpaka chini ya tuta, mahali palipo chini kuliko uso wa maji. Ncha ya pili ibaki majini. Ukiachilia kiganja, maji yatatoka yenyewe na kuchukua tope pamoja nayo. Usiuvute mpira kwa mdomo. Ncha ya majini ifungwe kwenye mti mrefu, na mtu aliye ukingoni aipitishe taratibu juu ya tope kama anayefagia. Maji hayo meusi yaelekezwe kwenye migomba, nayo ni mbolea nzuri. Uso wa bwawa ukishuka shubiri moja, simamisha kazi, ulijaze tena kwa mfereji uliowekewa wavu, ili takataka mpya zisiingie.

Twaomba waalimu wa shule zenye mabwawa wasikie neno hili hasa. Konokono wanaoeneza kichocho hupenda majani na magugu ya pembeni, na vijidudu vya ugonjwa huo huwatoka kwa wingi mchana, yaani saa zile zile zinazowafaa samaki. Kwa hiyo watoto wasiingie majini. Kazi ifanywe kutoka ukingoni, au juu ya ubao. Na aliyelazimika kuingia avae viatu virefu vya mpira, na akiona damu katika mkojo au choo aende zahanati, maana dawa ipo.

Lambo la kijiji hufuata kanuni hizi hizi, ila adui yake mkubwa ni kwato. Ng’ombe wakinywa ndani yake, tope halitatulia kamwe. Zungushieni ua, mkayapeleke maji kwa bomba katika hodhi iliyo chini ya tuta.

Na yale magugu maji yenye ua la zambarau, ambayo mto Kagera umeyachukua hata Ziwa Victoria, mtu asiyapande bwawani kwa kupenda uzuri wake. Yakionekana, yang’olewe na mizizi yake, yakaushwe juani mbali na maji.

Kesho yake asubuhi, kabla ya jua kuchomoza, nenda ukatazame. Samaki wakiwa juu wakitweta midomo wazi, ongeza maji mapya mara moja, yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa, wala usishike reki tena mpaka watakaposhuka.