Adui Hakai Nyumba ya Jirani

Wahubiri kutoka bara wakija Lamu, swali lao kwangu huwa ni lile lile: "Mwalimu, unawezaje kuishi katika kisiwa chenye majini namna hii?" Wengine huwa wamekwisha kuamua kabla ya kupanda boti pale Mokowe kwamba wamekuja kupigana. Wana mafuta ya upako, wana vipaza sauti, wana orodha ya roho za kufungwa: roho ya bahari, roho ya mababu, roho ya mji mkongwe. Nawakaribisha chai na mahamri, kisha nawaambia ninachokiamini. Vita vya kiroho vipo. Shetani yupo, na Kristo amemshinda. Ila ninyi mnamtafuta adui pasipokuwa yeye.

Mimi ni Mpokomo wa Ngao, kando ya Mto Tana. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika kwetu mwaka 1887, na babu yangu alibatizwa mikononi mwao. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 3 Mei 1886, mmisionari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe waliuawa pale Golbanti, si mbali na kwetu, Wamaasai walipovamia. Nimekulia katika habari hizo, kwa hiyo sihitaji mtu aje kunifundisha kwamba imani ina gharama. Baadaye nikaja Lamu kufundisha Somo la Dini ya Kikristo. Wanafunzi wangu walikuwa wachache, wengi wao wa wazazi waliokuja kikazi. Kipindi kikifika, darasa zima lilihamia kwa ustadhi, sisi tukabaki na madawati matupu. Kuwa wachache kunafundisha. Humfanya mtu apime maneno yake, na hakuna neno nililojifunza kulipima hapa kama neno vita.

Maana watu wa visiwa hivi wamekwisha kuona Mkristo akija vitani. Mwaka 1587 Wareno waliiangamiza Faza, kisiwani Pate: wakaua watu pamoja na mfalme wao, wakakata na minazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1589, mfalme wa Lamu alikatwa kichwa hadharani mjini Pate kwa amri ya jemadari wa Kireno. Huko Pate, mwaka 1728, ndiko Bwana Mwengo alikotunga Utendi wa Tambuka, habari za vita vya Waislamu na mfalme wa Rumi. Sasa fikiria mhubiri amesimama na kipaza sauti karibu na gati, anatangaza kwamba jeshi la Mungu limekuja kuuteka mji. Yeye anasema kwa mafumbo. Mzee aliyeketi barazani anasikia historia.

Kuna utenzi mwingine wa Pate ambao ningependa kila mhubiri ausome kabla ya kushika kipaza sauti. Ni Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi amesimama mbele ya magofu ya mji uliokuwa na fahari, lakini hageuki kumlaani mtu. Anageukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji: umedanganywa na nini hata ukapumbaa? William Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekijua Kiswahili kuliko Wazungu wengi wa zama zake, aliutafsiri kwa Kiingereza. Nadhani aliona ninachokiona mimi. Mshairi Mwislamu na Mtume Paulo hawaamini mamoja, na siwalazimishi waamini mamoja. Lakini wote wawili wanajua mapambano yanapoanzia.

Waraka wa Waefeso, sura ya sita, ndio kila mtu huutaja linapokuja suala hili. Tunaukariri mno, na mara chache tunauliza uliandikiwa watu gani. Efeso ulikuwa mji wa bandari, wa biashara na wageni, wenye hekalu kubwa la Artemi na uchawi uliotafutwa kwa fedha. Matendo ya Mitume, sura ya 19, yasimulia kwamba walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha. Sura hiyo hiyo ina habari ya wana saba wa Skewa, waliojaribu kulitumia jina la Yesu kama dawa ya kukopa. Mwenye pepo akawarukia na kuwapiga hata wakakimbia uchi. Watu wa namna hiyo, walioishi kwa hirizi na hofu, ndio walioambiwa kwamba shindano letu si juu ya binadamu. Na aliyewaambia alikuwa amefungwa minyororo. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kumwita askari wa gereza adui, ni yeye, naye hakufanya hivyo.

Ukitazama silaha anazozitaja, nyingi ni za kujikinga: mshipi wa kweli, dirii ya haki, viatu vya utayari wa kuhubiri amani, ngao ya imani, chapeo ya wokovu. Upanga ni mmoja tu, nao ni neno la Mungu. Mimi hukaa sana kwenye vile viatu. Wahubiri huviruka wakimbilie upanga.

Pwani hii pepo hawazungumzwi kwa kunong'ona. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, wapo watakaomwandikia kombe anywe, wapo watakaomfukizia ubani, wapo watakaompigia ngoma pepo wapande waseme wanataka nini. Wakristo nao huenda, usiku, kwa mlango wa nyuma. Na sisemi hivi kwa kuwasuta, kwa sababu mtoto wako akipiga kelele usiku kucha utakwenda popote. Ninachokipinga ni swali ambalo mganga huuliza kabla ya yote: ni nani amekufanyia? Swali hilo likishaulizwa, lazima jibu lipatikane. Na jibu ni jirani. Ni mke mwenza, ni shangazi asiyezaa, ni mzee mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni.

Uchungu wangu ni kwamba swali hilo limeingia kanisani likiwa limevaa suti. Nabii anafumba macho, anaona mwanamke mnene wa upande wa baba yako, amefunga nyota yako kwenye chungu. Umetoa sadaka, umefunga siku tatu, umekemea hata sauti imekauka, na umerudi nyumbani humsalimu shangazi yako. Je, huo ni ushindi? Kwa majirani zetu wa Kilifi mambo hayo yameua. Wazee wanakatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, hata ikabidi kule Ganze pawepo mahali pa kuwahifadhi, Kaya Godoma. Kenya ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1925, lakini sheria haiwezi kuondoa hofu iliyo kifuani mwa mtoto anayemtazama babu yake akilala.

Imani ya Kristo, kama ninavyoielewa, inanipa ruhusa ya kutolijibu swali hilo. Sihitaji kujua aliyenifanyia. Aliyeshinda pale msalabani ameshinda wenye majina na wasio na majina, na mimi naweza kwenda kisimani bila kuhesabu nani amenitazama vipi. Watu hudhani kushinda nguvu za giza ni kupiga kelele hata kitu kitoke. Ushindi nilioushuhudia mara nyingi zaidi ni wa mtu aliyeacha kuogopa, na kwa kuwa ameacha kuogopa, ameacha pia kuchukia.

Alikuwapo msichana niliyemfundisha, aliyekuwa akianguka na kutoa povu. Kanisa moja walilohamia wazazi wake lilisema ni roho ya bahari, na kwamba vidonge ni kumkana Mungu. Vikatupwa. Akaangukia jiko la mkaa, na mkono wake wa kulia hadi leo haukunjuki vizuri. Ugonjwa wake ni kifafa. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi wamekichunguza kifafa cha pwani kwa miaka mingi; malaria inayopanda kichwani na shida za wakati wa kuzaliwa ni baadhi ya vyanzo vyake, na dawa ya kukizuia ni ya bei nafuu. Wagonjwa wengi hawaipati, na hofu ya pepo ni sababu mojawapo. Tulimwombea msichana huyo kwa kumwekea mikono, kisha tukampeleka hospitali, na sikuona kwamba moja limepingana na lingine. Luka, aliyeandika Injili, kwa mapokeo alikuwa tabibu.

Sitasema mengi kuhusu Shakahola. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule wa Kilifi, na watoto walikuwamo. Mhubiri anayeshtakiwa amekana mashtaka, na mahakama ina kazi yake. Lakini mafundisho yaliyoenea kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, na mwili wenyewe ni wa kushindwa kwa njaa, hayo twayajua, na yalihubiriwa kwa maneno ya vita vya kiroho. Ukimwona shetani kila mahali, hutabakiwa na mahali pa kumlaza mtoto.

Hata hivyo uovu upo, na sisi wa Lamu tumeuona ukija na bunduki. Jumapili ya tarehe 15 Juni 2014, usiku, watu wakitazama Kombe la Dunia, wauaji waliingia Mpeketoni, ule mji wa bara uliokua kutokana na makazi ya walowezi tangu miaka ya 1970. Wakauliza wanaume dini yao. Usiku uliofuata wakaingia vijiji vya jirani. Waliouawa kwa siku hizo mbili walizidi 60. Tarehe 5 Julai ikawa zamu ya Hindi na Gamba. Al-Shabaab walisema ni wao.

Usiku wa habari hizo jirani yangu, bibi wa Kiamu ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alimtuma mjukuu wake aje alale kwangu. "Mwalimu asilale pweke," ndivyo alivyoagiza. Siku chache baadaye, katika mkutano wetu wa maombi, ndugu mmoja aliomba moto ushuke juu ya Waislamu wa Lamu. Nilisimama kabla hajasema amina. Nikamwambia kwamba moto anaouomba utaanzia nyumba inayotazamana na yangu, na kwamba waliouliza watu dini zao kabla ya kuwaua wangefurahi sana kutusikia, kwani ndivyo walivyotaka tuwe. Alikuwa amempoteza binamu yake. Alilia, nasi tukalia naye, na ombi lile halikumalizika.

Mwezi huo wa Julai serikali iliweka kafyu ya usiku. Ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani. Waislamu wakatatizwa sala zao za usiku, wavuvi wa usiku wakakosa riziki, nasi tukakosa kesha. Kesha ndilo lilikuwa jeshi letu, kama tulivyozoea kusema. Ikabidi tuombe mchana. Nyumba tuliyokutania ina madirisha yanayofunguka kichochoroni, na joto la Lamu halikuruhusu kuyafunga. Wapita njia walitusikia: mwenye punda, watoto watokao madrasa, wanawake waendao sokoni. Hapo maombi yetu yakabadilika yenyewe. Huwezi kumlaani mtu mchana, dirisha wazi, naye anapita akikuamkia. Tulianza kutaja mambo kwa majina yake: chuki, uongo wa simu kwamba fulani aliwaficha wauaji, tamaa ya ardhi, vijana wanaonunuliwa kwenda Somalia. Siku moja sauti kutoka kichochoroni iliitikia "Amin". Hatukutoka kutazama ni nani.

Kafyu ilipoondolewa tuliendelea kuomba mchana. Siku hizi wanawake wawili Waislamu huja kukaa ukumbini mwetu siku tunapowaombea mateja, kwa kuwa unga wa kulevya haukuuliza dini ulipoingia nyumba zetu, na mtoto wa mmoja wao amelala vichochoroni pamoja na mtoto wa mwimbaji wetu. Hawaombi kwa jina tunaloomba sisi, nasi hatulifichi jina hilo. Wanakaa, wanaomba kwao, kisha tunapanga ni nani atakayewapeleka vijana kliniki wiki hiyo na nauli itatoka wapi.

Tuna daftari la maombi lenye mistari ya kila juma. Mstari mmoja ni wa waliotushambulia: wageuke. Tulibishana sana kabla ya kuuandika. Mjane mmoja kutoka Hindi husema waziwazi kwamba yeye bado, na asije mtu akamwambia afanye haraka. Tukifika mstari huo tunamruka, anasoma unaofuata, wa watoto wa mitihani, naye huusoma kwa sauti kubwa.