Usafirishaji Haramu wa Watoto: Yanayoonekana Chumba cha Daktari

Bonde la Kilombero lina milango mingi ya kutokea. Reli ya TAZARA hupita Ifakara na Mlimba, na mabasi huelekea Mikumi kushika barabara kuu ya Dar es Salaam. Usafirishaji haramu wa watoto nchini aghalabu hutumia vyombo vya kawaida kama hivyo, bila pingu wala vishindo. Mtoto hushikwa mkono na mtu anayemwita shangazi, akiwa ameahidiwa shule.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulipitisha Itifaki ya Palermo. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2006, na mwaka 2008 ikatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Mikataba ya namna hii hutajwa pia pale vita vinapotawanya familia. Kilombero leo haina vita. Kinachoisukuma familia ni ghala tupu kabla ya mpunga kuiva, au msiba uliomwacha mtoto mikononi mwa bibi. Kwa hiyo wengi huona kumtoa binti akatumike mjini ni msaada. Sheria haioni hivyo. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na akisafirishwa ili anyonywe, ridhaa yake haimwokoi mshitakiwa. Ridhaa ya mzazi nayo haimwokoi.

Mtoto huyo akifungiwa ndani mwaka mzima, huenda mtu wa kwanza wa nje kukaa naye ana kwa ana akawa muuguzi. Huja na malaria, kovu la maji ya moto, au mimba. Aliyemleta hujibu kila swali kabla yake, ilhali hajui tarehe yake ya kuzaliwa. Mtoto mwenyewe hajui jina la mtaa anakolala. Dalili moja peke yake haithibitishi lolote. Watoto wengi wa shamba huona haya mbele ya koti jeupe. Zikikutana kadhaa, mhudumu atafute nafasi ya kubaki naye, hata kwa kisingizio cha kumpima uzito, amwulize kwa upole: Mwanangu, unalala wapi? Mara ya mwisho kuzungumza na mama ilikuwa lini? Mshahara wako anaupokea nani?

Kumkaripia aliyemleta ni kosa kubwa, kwani huenda mtoto asionekane tena. Majeraha yaandikwe kwa ukamilifu, na matibabu ya dharura yasicheleweshwe kwa kungoja fomu ya polisi. Aliyebakwa aanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72. Kisha aitwe afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu 116 haitozwi malipo, na jirani au mgonjwa wa kitanda cha pili anaweza kuipiga pia: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii kutoa taarifa.

Jambo moja husahaulika. Kumpandisha mtoto basi kesho yake arudi kwao huonekana huruma, lakini pengine aliyepokea fedha ya kwanza yuko huko huko nyumbani. Ustawi wa jamii uichunguze nyumba hiyo kwanza, na hadi hapo mtoto abaki mahali salama, wodini ikibidi.