Sumukuvu: Moto wa Jikoni Hauiwezi

Ugali ukisongwa mpaka ukaiva, moto huua karibu kila kiumbe kilichoingia pamoja na unga. Bakteria wa kuharisha hufa, mayai ya fukusi hufa, na kuvu nao hufa. Sumu waliyoiacha kuvu hao hubaki, kwa kuwa yenyewe haikuwa hai. Aflatoksini, ambayo ni sumukuvu mbaya kuliko zote zilizopata kuonekana kwenye nafaka, inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi ndipo ivunjike, na maji ya kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi 100. Mama anayechemsha uji kwa saa nzima akitumaini kuisafisha nafaka anateketeza kuni zake bure, na watu wanaopaswa kumwambia hivyo hawamwambii mara kwa mara inavyostahili.

Kuvu anayeitengeneza anaitwa Aspergillus flavus. Makazi yake ni udongo wa shambani na mabua ya msimu uliopita. Wanasayansi walianza kuisaka sumu yake mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Walipoyamulika kwa mwanga wa urujuanimno, baadhi ya viini vya sumu viling'aa buluu na vingine kijani. Moja ya zile za buluu, aflatoksini B1, ndiyo kali kupita zote. Ikifika kwenye ini, ini hujaribu kuivunja ili ipate kutoka mwilini, na katika jitihada hiyo huzalisha kemikali inayong'ang'ania vinasaba vya seli na kuviharibu. Saratani ya ini huanzia hapo. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B, sumu hiyo inaweza kuwa na nguvu hadi mara 30 ya kawaida. Ndiyo sababu chanjo ya homa ya ini anayopewa mtoto kliniki ni kinga dhidi ya sumukuvu pia, ingawa haitangazwi hivyo.

Wengi huamini kwamba tatizo huanzia ghalani. Mara nyingi huwa limeshaanza shambani. Hindi likipigwa na kiangazi wakati wa kuchanua na kujaza punje, mmea hukosa nguvu ya kujilinda, na kuvu hupenya kupitia ndevu za hindi au kwenye matundu yaliyotobolewa na wadudu. Joto la nyuzi 30 hivi linamfaa sana. Mkulima huvuna hindi linaloonekana zima, kumbe mgeni ameshaingia. Unyevu wa ghalani humpa tu nafasi ya kuzaana.

Mwaka 2004 wilaya za Makueni na Kitui, mashariki ya Kenya, zilionja matokeo yake. Watu walianza kuumwa tumbo, kutapika na kuwa na macho ya manjano. Kufikia Julai wagonjwa 317 walikuwa wameandikwa, na 125 kati yao walifariki. Kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa mikrogramu 20 kwa kilo, lakini baadhi ya mahindi yaliyochukuliwa sokoni yalipimwa na kukutwa yamekizidi kiwango hicho mara mamia. Watafiti walipolinganisha kaya za wagonjwa na kaya za majirani wao wazima, mahindi ya wagonjwa yalikuwa na wastani wa mikrogramu 355 hivi kwa kilo, na ya majirani 44. Hata majirani waliosalimika, basi, walikuwa wakila zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria. Hata majirani waliosalimika, basi, walikuwa wakila zaidi ya mara mbili ya kiwango cha sheria.

Miaka 12 baadaye ikawa zamu ya Dodoma na Manyara. Ulianza kama ugonjwa usiojulikana, na kabla haujakoma ulikuwa umewapata watu 68 na kuwaua 20. Aliyekuwa mkosaji ni yule yule, ndani ya mahindi ya nyumbani.

Vifo vya namna hiyo huingia kwenye magazeti. Kinachonisumbua zaidi ni dozi ndogo ya kila siku, ambayo haimlazi mtu hospitali. Mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania waliwafuatilia watoto 215 wanaokula uji wa mahindi na kupima fumonisini, sumu ya kuvu wengine wa jamii ya Fusarium. Watoto waliokula kupita kiwango kinachovumilika walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao walipotimiza mwaka mmoja. Sasa fikiria uji wa lishe tunaoupigia debe kila kliniki: mahindi, karanga, pengine mtama na ulezi. Mahindi na karanga ndiyo mazao mawili ambayo aflatoksini huyapenda kuliko mengine. Uji wenyewe ni chakula chema, lakini karanga zinazotiwa humo zisiwe zile zilizosinyaa na kubadilika rangi, ambazo huuzwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi mwenye uwezo amezikataa.

Kuchambua kwa mkono kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Sumu haijagawanyika sawasawa gunia zima. Hujikusanya kwenye punje chache zilizovunjika, zilizotobolewa au zenye ukungu, na ukiziondoa hizo umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Hakuna jicho linaloweza kuimaliza yote, kwani punje safi kwa nje inaweza kuwa na sumu ndani.

Kwenye kukoboa kuna mvutano wa kweli. Wataalamu wa lishe wametuhimiza tule dona, kwa ajili ya nyuzinyuzi na vitamini zilizoko kwenye ganda na kiini. Aflatoksini nayo hujazana kwenye ganda na kiini hivyo hivyo. Kwa mahindi yaliyopimwa na kuonekana safi, dona ni bora. Kwa mahindi yasiyojulikana yalikotoka, hasa baada ya msimu wa ukame, mimi ningemshauri mzazi achague sembe, na vitamini azitafute kwenye mboga na maharage. Pumba iliyobaki mashineni nayo haipotei. Inalishwa ng'ombe, na ng'ombe wa maziwa huigeuza B1 kuwa aflatoksini M1, ambayo hutoka ndani ya maziwa.

Kabla ya yote hayo kuna kuanika. Mahindi yanapaswa kushuka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, juu ya turubai na si juu ya ardhi ambamo kuvu mwenyewe anaishi. Asiye na kipimo atumie chumvi: achukue chupa kavu ya kioo, atie chumvi kavu na punje, aitikise vizuri, kisha aiache dakika 15. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka irudi juani. Ikikauka, mifuko isiyopitisha hewa huwanyima pumzi fukusi na dumuzi.

Shambani kuna dawa ninayoipenda kwa sababu inamtumia kuvu dhidi ya kuvu. Inaitwa Aflasafe, imetengenezwa na taasisi ya utafiti ya IITA pamoja na wanasayansi wa Marekani, na imesajiliwa Kenya na Tanzania. Ni punje za mtama zilizookwa na kupakwa aina za Aspergillus flavus za hapa hapa kwetu ambazo kwa asili haziwezi kutengeneza sumu. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hao wema huwahi nafasi kama abiria anayewahi kiti kwenye daladala, na wale wenye sumu wakija wanakuta pamejaa. Kupungua kwa asilimia 80 na zaidi ni kawaida. Ugumu ni kwamba mkulima analipa leo, na sokoni hakuna anayemwongezea bei kwa usafi ambao haupimwi.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ni miligramu 10 tu katika tani nzima, yaani magunia 10 ya kilo 100. Kiwango ni kizuri. Swali ni mzigo uliokataliwa unakwenda wapi, maana mfanyabiashara asiye na pa kuupeleka ataushusha kwenye gulio lisilo na mpimaji. Marekani mahindi ya chakula cha watu na ya ng'ombe wa maziwa yana kikomo cha 20, lakini ng'ombe wa nyama wanaomaliziwa kunenepeshwa wanaruhusiwa hadi 300, kwa hiyo mwenye mzigo mbaya ana mnunuzi halali na haoni haja ya kuuficha. Kwetu mpango wa namna hiyo ungeanzia kwenye ghala la chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS): kipimo cha unyevu, vipimo vya haraka vya sumukuvu, sampuli inayochotwa kutoka magunia mengi kwa sababu kiganja kimoja kinaweza kukosa punje mbaya, na bei mbili zilizoandikwa mlangoni, moja ya mahindi ya watu na nyingine ya yale yasiyofaa kuliwa.