Fahamu: Sloti ya M.2 kwenye laptopu mpya

"Hii ina sloti ya pili ya SSD," muuzaji anakwambia, na bei inapanda. Sloti gani hasa?

M.2 ni umbo tu

Ni sloti nyembamba kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Diski ya SSD huchomekwa kwa mshazari, ikalazwa, kisha ikabanwa kwa skrubu moja ndogo. Namba 2280 ni vipimo vya diski: upana milimita 22, urefu 80. Zipo pia 2242 na 2230. Ukinunua ndefu kuliko nafasi iliyopo, haitaingia.

SATA au NVMe?

Hapa ndipo wengi huingia mkenge. Diski mbili zinazofanana kwa umbo zaweza kutofautiana mno kwa kasi, kwa kuwa huwasiliana na kompyuta kwa njia tofauti: SATA au NVMe. SATA huishia kama megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe hupitia njia ya data iitwayo PCIe: ya kizazi cha 3 hufika karibu 3,500, na ya kizazi cha 4 karibu 7,000. Sloti nyingine hupokea aina moja tu. Diski ya kizazi cha 4 kwenye sloti ya kizazi cha 3 itafanya kazi, ila kwa mwendo wa sloti.

Kabla ya kulipa

Soma modeli kamili chini ya mashine, kisha utafute mwongozo wake. Ile sloti yenye kadi ya Wi-Fi nayo ni M.2, lakini si ya diski. Na kwa MacBook za sasa usihangaike kutafuta sloti: hifadhi imelehemiwa kwenye ubao, hivyo ukubwa unauchagua siku ya kununua.